Maharage yamevunwa, kipupwe kimebisha hodi

Shikamoo bibi. Niko Marangu. Maharage nimeshayapura, sasa baridi imeingia. Bustani niiandaeje? Nyanya zina madoa meusi, na chini ya jani kuna ukungu mweupe.

Marahaba, mwanangu. Kwanza maharage, maana hicho ndicho chakula cha watoto. Usiyatie guniani kwa kuyatazama tu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia maharage na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, bado yana unyevu; yarudishe juani. Mimi mwaka jana niliharakisha; nilipofungua gunia mwezi wa nane, nilikuta kuvu tupu. Niliumia sana.

Msimu ujao maharage usiyang'oe, kata mashina. Vile vinundu vya mizizini vina naitrojeni, viache virutubishe udongo. Makapi yatandaze kwenye tuta, juu yake majani makavu ya mgomba.

Nyanya hizo zina ugonjwa wa baka jani chelewa, unaopenda baridi na unyevu. Ng'oa zote zilizougua, uzichome, mbojini usizipeleke. Hapo usipande viazi mviringo, huugua ugonjwa huo huo. Panda kabichi na karoti, hizo baridi yetu ya Juni hadi Agosti zinaipenda.