Umegonga nguzo ya geti la jirani kwa gari: gharama za matengenezo zilipwe vipi

Ndugu, umeeleza kwamba uligonga nguzo ya geti la jirani ulipokuwa ukirudisha gari nyuma, kwamba hakuna aliyeumia, na kwamba jirani ametaja kiasi cha fedha anachotaka alipwe kesho ili mambo yaishe. Umeuliza kama umlipe, umpelekee fundi wako, au uiachie kampuni ya bima. Mimi ni fundi mwashi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiitwa baada ya ajali za namna hii, mara na aliyegonga, mara na aliyegongewa, kwa hiyo nitakujibu kutokana na niliyoyaona kwa pande zote mbili.

Ushauri wangu ni kwamba mwambie jirani waziwazi kuwa jambo lake litashughulikiwa, kwa mfuko wako au kwa bima yako, lakini usitoe fedha yoyote kabla uharibifu haujapimwa na mtu anayejua kupima. Ugomvi mwingi nilioukuta ulianza pale ambapo watu wawili waungwana walikubaliana bei wakiwa wamesimama barabarani, wakitazama mkwaruzo.

Nguzo iliyogongwa hudanganya macho. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo gari lilibandua lipu ya nguzo kwa ukubwa wa kiganja tu, mwenye gari akalipia lipu na rangi, wakapeana mikono. Baadaye geti likaanza kuburuza chini. Nilipotundika timazi, yaani uzi wenye kizito cha kupimia wima, kutoka kichwani mwa nguzo, uzi uliokuwa ukiigusa nguzo juu uliachana nayo kwa upana wa vidole viwili kule chini, na nilipofukua udongo nikakuta zege limepasuka kuzunguka nondo, karibu kabisa na msingi. Bawaba ya chini nayo ilikuwa imeanza kuachia mahali ilipochomelewa. Mwenye gari alisema amekwisha kulipa, mwenye nyumba akasema ni pigo lile lile, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na picha ya siku ya ajali. Walikuwa majirani wa muda mrefu, na iliniuma kuona wanavyoacha kusalimiana kwa jambo ambalo lingepimwa asubuhi moja.

Kwa hiyo piga picha leo, kabla mtu hajafagia vifusi: za mbali zinazoonyesha geti zima na ukuta wa pande zote mbili, na za karibu zinazoonyesha kila ufa. Nyufa husema umri wake kwa fundi anayetazama kwa makini. Ufa ambao rangi imeingia ndani yake ulikuwapo kabla rangi haijapakwa, na ufa wenye kuvu au vumbi lililogandamana si wa juzi, ilhali ufa mpya huwa na kingo safi na kali. Hapo ndipo fundi anapokulinda usilipie uchakavu wa zamani, na anapomlinda jirani asipunjwe. Mwambie fundi pia afungue na kufunga geti mara kadhaa, na kama linaendeshwa kwa mota, aangalie meno ya reli yake na kama linasimama pale linapotakiwa kusimama.

Kuhusu bima, soma mkataba wako usiku huu huu. Katika baadhi ya nchi, bima ya lazima ya mtu wa tatu hugharamia majeraha na vifo tu, na mali ya mtu huwa haimo isipokuwa umeiongeza. Kwingine mali imo. Mikataba mingi humtaka mteja atoe taarifa mapema hata kama hana nia ya kudai, na humkataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Ndiyo maana mwambie jirani tu kwamba jambo lake litashughulikiwa, bila kukiri kosa, kutaja kiasi wala kuandika lolote, mpaka umewasiliana na kampuni. Baada ya hapo piga hesabu: kama gharama ya matengenezo inakaribia kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unakutaka ubebe mwenyewe, ukijumlisha na punguzo utakalopoteza mwaka ujao kwa kuwa umedai, wengi huona afadhali walipe wenyewe. Kama nguzo ni ya kubomolewa na kujengwa upya, mimi ningekwenda bima bila kusita. Kama gari si lako, mhusishe mwenye gari tangu mwanzo, kwa sababu bima ni yake. Angalia vilevile sheria ya mahali ulipo kuhusu kuripoti polisi, maana kwingine ni lazima hata pasipo majeruhi.

Sasa kuhusu makadirio. Kiasi alichotaja jirani huenda ni sahihi, huenda si sahihi; ninachokushauri ni kukataa tarakimu moja isiyo na maelezo. Omba makadirio yanayotenganisha vifaa, ufundi, ubomoaji na usafirishaji wa vifusi, kutoka kwa fundi anayeaminiwa na jirani na kutoka kwa mwingine, na ikiwezekana wote wawili wapime siku moja mbele yenu. Usimlazimishe jirani amkubali fundi wako, kwa maana nyumba ni ya jirani naye ndiye atakayeishi na kazi hiyo. Unachodaiwa ni kurudisha mali katika hali iliyokuwa nayo. Ikiwa anataka geti jipya la aina bora zaidi wakati lake lingenyooka kwa kuchomelewa, tofauti hiyo ni yake. Rangi huwa na utata wake, kwa sababu kiraka cha rangi mpya kwenye ukuta uliofifia huonekana kwa mbali, na mimi huona ni haki kupaka uso wote kutoka kona hadi kona, lakini si kuzungusha nyumba nzima.

Hakikisha pia unayezungumza naye ndiye mwenye mali. Kama ni mpangaji, mwenye nyumba ashirikishwe, la sivyo unaweza kudaiwa mara mbili.

Katika kulipa, napendelea vifaa vinunuliwe kwanza kwa risiti, kisha ufundi ulipwe kadiri kazi inavyokwenda. Kama huna fedha zote kwa mkupuo, sema mapema na mwandikiane tarehe na viwango. Jirani huvumilia zaidi anapoona matofali yamekwisha kushushwa. Msimharakishe fundi. Zege kwa kawaida hupimwa nguvu yake likiwa na siku 28, na nguzo mpya inayobebeshwa geti zito mapema mno huweza kulegea tena, nanyi mkarudi kwenye mabishano. Geti liegemezwe kwa muda, au pawekwe kizuizi kingine, na gharama ya kizuizi hicho iingie kwenye makadirio kwa sababu usalama wa nyumba umeathirika kutokana na ajali hiyo.

Hati ya makubaliano itaje tarehe na mahali pa ajali, sehemu zilizoharibika, kiasi kilicholipwa, na kwamba malipo hayo yanamaliza madai yote ya uharibifu huo. Isainiwe na nyote wawili mbele ya mashahidi, kila mmoja abaki na nakala. Binafsi siwashauri watu kuisaini siku ya kupeana fedha. Isainini baada ya geti kufunguliwa na kufungwa mbele yenu, timazi ikiwa imetundikwa tena kwenye ile nguzo na uzi ukiwa sambamba nayo juu hadi chini.