Mume kanuna, eti maiti ni yeye

Kwako Shangazi,

Mume wangu ni mwanamazingaombwe wa jukwaani. Nimeandika mchezo wa kuchekesha ambamo mwanamazingaombwe maarufu anapigwa risasi katikati ya onyesho, na watuhumiwa wote ni wa fani hiyohiyo. Mume kanuna. Anadai naanika siri za kazi yake, na kwamba marehemu ni yeye mtupu, hadi koti. Tena tulipousoma mbele ya marafiki hawakucheka, na yule msaidizi, ambaye ndiye muuaji, walimtambua mapema kabisa. Niufungie kabatini ili ndoa ipumue?

Mke wa Mtu wa Kofia

Binti yangu,

Usiufungie. Una matatizo mawili, na la kwanza ndilo dawa ya la pili. Mumeo yuko tayari kugombana na mkewe kuliko kutoa siri ya sanduku. Kichekesho ulichokuwa ukikitafuta ndicho hicho, na unalala nacho chumba kimoja.

Fikiria. Katika kisa cha kawaida cha mauaji, mpelelezi anauliza, "Ulikuwa wapi saa tatu?" na asiye na hatia anajibu upesi. Mwanamazingaombwe asiye na hatia hawezi kujibu. Saa tatu alikuwa amejikunja ndani ya meza ambayo ukumbi mzima unaapa haiwezi kuficha hata paka. Akisema, ameponea kitanzi lakini riziki imekwisha. Basi anadanganya, na uongo unamzamisha. Mpe kila mtuhumiwa aibu ya aina hiyo. Mmoja alikuwa mezani. Wa pili ana pacha ambaye watu hawajui kama yupo, kwa hiyo mashahidi wamemwona pande mbili kwa wakati mmoja. Wa tatu anasoma mawazo ya watu, ila kwa kweli kuna mtu anayemnong'oneza majibu kwa kifaa cha sikioni, na usiku ule mnong'onaji alipitiwa na usingizi. Watatu hao na muuaji wanatosha. Ukiongeza wa tano, watazamaji watasahau majina.

Muuaji ndiye pekee anayejibu swali la mpelelezi bila kusita. Kidokezo hicho kinakaa mbele ya macho ya kila mtu, na wengi hawatakiona kwa sababu watakuwa wanawacheka wale wanaobabaika.

Huyo wa pacha usimwogope kwamba amezidi. Mwaka 1911 ukumbi wa Empire Palace mjini Edinburgh uliwaka moto wakati wa onyesho la mwanamazingaombwe The Great Lafayette, naye akafa. Mwili uliodhaniwa ni wake ulishapelekwa Glasgow kuchomwa ndipo likazuka swali: pete zake ziko wapi? Baadaye mwili wenye pete ukapatikana chini ya jukwaa. Ule wa kwanza ulikuwa wa mtu aliyekuwa akimwigiza jukwaani. Ungeibuni mwenyewe, wangesema umetia chumvi.

Sasa silaha. Kanuni hapa ni moja na haina mjadala: watazamaji lazima waone kiinimacho kikifanya kazi sawasawa mara moja kabla hakijaua mtu, na kile kitakachochezewa wakione kwa macho yao. Ukiwafichua mwishoni kwamba "kumbe kulikuwa na waya", umewaibia. Ndiyo maana nakushauri utumie kudaka risasi, yaani kiinimacho cha kupigwa risasi jukwaani na kujifanya umeidaka, ambako siri yake ilitolewa hadharani zamani kwenye uchunguzi wa kifo. Mumeo hatakuwa na la kusema.

Aliyekufa alikuwa William Robinson, Mmarekani aliyejifanya Mchina kwa jina la Chung Ling Soo, hata na mkalimani. Tarehe 23 Machi 1918, katika ukumbi wa Wood Green Empire, London, alipigwa risasi akiwa jukwaani, akaomba kwa Kiingereza pazia lishushwe, akafa kesho yake. Bunduki zilikuwa za kushindilia kwa mdomo, kama gobori. Risasi ilitumbukizwa kwenye mtutu kweli, lakini moto ulielekezwa kwenye bomba la chini linaloshika mdeki, ile fimbo ya kushindilia. Humo ndimo baruti ilimolipuka, kwa kishindo tupu, na risasi ikabaki mtutuni. Baada ya onyesho Robinson hakuitoa kwa kufyatua. Alifungua sehemu ya nyuma ya mtutu. Kufungua na kufunga mara kwa mara kukalegeza nyuzi za skrubu za hapo, chembe za baruti zikapenya hadi nyuma ya risasi, na siku moja zikashika moto. Uchunguzi ukaamua ni ajali.

Mchezo wako unaanzia kwenye neno hilo "ajali". Katika onyesho la kwanza, aonekane mtu akisafisha bunduki na kulalamika kwamba nyuzi zimelegea. Halafu wote waishike: mmoja aisogeze akitafuta kofia, mwingine aitundikie njiwa. Marafiki zako walimtambua msaidizi kwa sababu yeye tu ndiye anayegusa silaha, na yeye tu ndiye anayemchukia marehemu. Wote wamchukie. Mwanamazingaombwe aliyefanikiwa hakosi watu wa kumchukia.

Kuhusu kucheka, tenganisha vidokezo vya macho na vya masikio. Cha macho, kama funguo kuhamishwa, kifanyike wakati wa makofi, maana hapo ndipo watu wanapolegea. Mumeo anaijua mbinu hiyo vizuri sana. Cha masikio kije kabla ya neno la kuchekesha, ndani ya sentensi ileile. Kikija baada yake kitamezwa na kicheko, na mwishoni watu watalalamika kwamba hawakuambiwa. Vidokezo vitatu vinatosha, na kila kimoja kijitokeze mara mbili katika sura tofauti.

Kwa mumeo, mpe mswada na kalamu nyekundu kwa masharti: afute mbinu yoyote ambayo wenzake bado wanaitegemea, lakini mazungumzo asiyaguse. Pale alipofuta, mtuhumiwa aseme tu, "Siwezi kueleza," kisha aondoke kwa hasira. Utaona maneno hayo yanachekesha kuliko maelezo. Koti badilisha, hapo ulimwonea. Na kama bado ananuna, mpe nafasi ya marehemu. Wengi wao hupenda kuwa katikati ya jukwaa hata wakiwa wamelala.

Bunduki iwe ya mbao, na mlio utoke kwenye spika nyuma ya pazia. Usikubali hata risasi baridi, ile ya mlio tu isiyo na kichwa: hewa ya moto na kizibo vinavyotoka mtutuni vinaweza kuua mtu aliye karibu. Damu ni kikombe kimoja cha shira nzito, vijiko viwili vya chai vya rangi nyekundu ya chakula, na nusu kijiko cha kakao ili isionekane kama juisi. Tone la sabuni ya maji husaidia doa kutoka, ila ukishatia sabuni damu hiyo isiingie mdomoni. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa kama cha vazi la marehemu, uiache usiku kucha, kisha ufue. Rangi nyekundu haitoki kwenye hariri nyeupe, na najua mumeo atataka kufa amevaa nini.

Shangazi