Kabla ya Kutia Saini, Uliza Nyongo Itapita Wapi

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba ameshapangiwa tarehe ya upasuaji wa baipasi ya tumbo, ule wa kulipunguza tumbo na kukifanya chakula kiruke sehemu ya utumbo. Nilipomuuliza ni baipasi ya aina gani, alijibu, "Ile ya kupunguza uzito." Jibu hilo lilinitia hofu, kwa maana mimi nilikataa kutia saini fomu ya ridhaa mpaka daktari aliponichorea kwenye karatasi mahali tumbo langu litakapokatwa na utumbo utakapoungwa. Jamaa yangu aliyenisindikiza aliona ninasumbua watu. Baadaye walitokea pia waliosema kwamba nimepunguza uzito kwa njia ya mkato, na sitaficha kwamba maneno hayo yananiuma hadi leo.

Mimi nilifanyiwa baipasi ya Roux-en-Y, yenye jina la mpasuaji wa Uswisi, César Roux. Sehemu ya juu ya tumbo hutengwa ikawa kifuko cha mililita 30 hivi. Kisha utumbo mwembamba hukatwa: ncha ya chini hupandishwa na kuungwa na kifuko, na ile ya juu, inayoleta nyongo na majimaji ya kongosho, huungwa mbele zaidi, yapata mita moja au moja na nusu kutoka kwenye kifuko. Kwa kuwa nyongo hukutana na chakula mbali na kifuko, wenye kiungulia kikali mara nyingi hushauriwa aina hii, na mimi niliyekuwa nikilala nimeegemea mito nilielewa sababu mara tu nilipouona mchoro. Tumbo lililotengwa halitolewi. Hubaki ndani, ila kamera inayopitishwa mdomoni hailifikii kwa urahisi.

Baipasi ya kiungio kimoja, aliyoianzisha Robert Rutledge mwaka 1997, hutumia kifuko kirefu chembamba, na utumbo huvutwa ukaungwa nacho ubavuni bila kukatwa vipande viwili, kwa kawaida sentimita 150 hadi 200 kutoka unapoanzia. Upasuaji wake huwa mfupi zaidi, lakini nyongo hupita jirani kabisa na kifuko na huweza kupanda juu, na kadiri sehemu ya utumbo inayorukwa na chakula inavyorefuka ndivyo upungufu wa virutubisho unavyozidi. Usikubali kuambiwa tu kwamba "ni ile nyepesi."

Wapo wanaoita baipasi hata upasuaji wa kukata tumbo likabaki kama bomba. Huo si baipasi: takriban asilimia 80 ya tumbo huondolewa moja kwa moja, utumbo hauguswi, na kiungulia huweza kuzidi.

Kwa hiyo uliza, ndugu yangu, na usione haya kuuliza tena. Uliza vipimo vya damu utakavyofanyiwa, kwa sababu baada ya baipasi vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu ni vya kumeza maisha yako yote, hata ukijisikia mzima. Kama unavuta sigara, acha sasa, na usimeze dawa ya maumivu ya ibuprofeni kiholela, maana vyote viwili huleta vidonda pale kwenye kiungio. Na mpasuaji akikuambia kwamba ataamua aina akishaanza kazi, mwulize ni nini hasa kitakachombadilisha mawazo, na fomu unayotia saini inamruhusu kufika wapi.