Stika zinameta fedha kwenye Spitfire yangu: tatizo liko chini, si juu

SWALI: Ninajenga modeli ya plastiki ya Spitfire Mk IX, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, ya skeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi. Rangi nimepuliza kwa brashi ya hewa: kijani na kijivu juu, kijivu chepesi chini, zote mati, yaani zisizong'aa, kama maelekezo ya seti yanavyotaka. Ilipendeza sana mpaka nilipoanza kubandika stika za maji. Zile alama za duara juu ya mabawa zimekaa vizuri, lakini maandishi madogo na mistari mirefu ya kuonyesha fundi akanyage wapi vina utando wa fedha unaojitokeza kila nikigeuza modeli kwenye mwanga. Mmoja kaniambia nipake siki. Mwingine, nipashe kwa mashine ya kukaushia nywele. Wa tatu anasema niache tu, vanishi ya mati ya mwisho itafunika kila kitu. Wa nne anasema stika za seti hii ni mbovu, ninunue nyingine. Nimfuate nani?

JIBU: Usimfuate yeyote kati yao, na hizo stika mpya usizinunue kwanza, kwa sababu utazibandika juu ya rangi ileile na zitameta vilevile. Swali hili hunifikia kuliko jingine lolote, na karibu kila mara linakuja na ushauri huohuo wa watu wanne.

Unachokiona si kasoro ya stika. Ni hewa. Stika ya maji ni wino uliochapwa juu ya utando mwembamba wa plastiki angavu. Pale utando unapoishika rangi barabara, mwanga unapita moja kwa moja hadi kwenye rangi na kurudi, na jicho haliuoni utando. Pale penye kijifuko cha hewa, mwanga unatoka kwenye utando na kuingia hewani, na katika mpaka huo sehemu yake inarudishwa kama kwenye kioo. Vijifuko elfu vidogo, vioo elfu vidogo, ndiyo fedha yako.

Sasa angalia tena zile duara unazosema zimekaa vizuri. Alama ya juu ya bawa la Spitfire ya wakati huo ni nyekundu na buluu tupu, wino umejaa hadi ukingoni. Wino mzito unaficha hewa iliyo chini yake, lakini hewa ipo. Maandishi madogo kinyume chake ni utando mtupu wenye herufi chache katikati, kwa hiyo yanasema ukweli. Na kijani na kijivu cha RAF, Jeshi la Anga la Uingereza, zile rangi za wapiganaji wa mchana zilizoanza kutumika Agosti 1941, ni nyeusinyeusi, ndiyo maana fedha inaonekana zaidi juu ya bawa kuliko chini. Pitisha kucha polepole juu ya hizo duara mahali inapopita mistari ya mabati, ile mifereji midogo inayoonyesha maungio yake. Kama stika imelala juu ya mfereji kama daraja badala ya kuzama ndani yake, nayo haijashika.

Ukishaelewa kwamba hewa iko chini, unaona mara moja kwa nini vanishi ya mati haiwezi kuifunika. Vanishi inabadilisha uso wa juu wa utando. Haifiki kwenye kijifuko. Itapunguza makali ya mmeto ukiitazama modeli wima, ukiiinamisha kidogo fedha inarudi, na safari hii imefungiwa chini ya tabaka ambalo huwezi kulitoa bila kuharibu stika yenyewe. Ushauri huo unanikera kwa sababu unamwondolea mtu nafasi yake ya mwisho ya kurekebisha.

Lakini kuna dhana inayonikera zaidi, nayo hutolewa na watu wenye nia njema kabisa. Wanasema: stika zinataka uso unaong'aa, basi mwaga vanishi ya kung'aa. Mtu anaipuliza nene juu ya rangi yenye chembechembe, anaona mng'ao, anabandika, na stika zinameta tena. Anakata tamaa, au anaamini kwamba stika ni mbovu kweli. Stika haitaki mng'ao. Inataka ulaini. Vitu hivi viwili mara nyingi huandamana, ndiyo maana watu wamevichanganya, lakini uso unaweza kung'aa huku una mabonde, na uso wa nusu mng'ao uliopulizwa vizuri unapokea stika bila tatizo lolote.

Fanya hesabu hii ndogo. Punje ya rangi yenye kimo cha milimita 0.02 huwezi kuihisi kwa kidole kwa urahisi. Izidishe mara 48: kwenye ndege halisi hiyo ingekuwa kokoto ya karibu milimita 1, imetapakaa bawa zima. Hakuna kikosi kilichorusha Spitfire ya namna hiyo. RAF walijua kwamba rangi yenye punje inakula mwendo wa ndege, wakawa na rangi za daraja la Type S, S ikimaanisha laini. Bawa lao lilikuwa mati na laini kwa wakati mmoja. Anayekuambia kwamba uso wa mati lazima ukwaruze hajaitazama ndege.

Mng'ao ni uamuzi wa mwisho kabisa, na hauhusiani na rangi uliyochagua. Ule mfumo wa Marekani wa namba za rangi, FS 595, unalionyesha jambo hili wazi: tarakimu ya kwanza ya kila namba inataja mng'ao tu, 1 kwa kung'aa, 2 kwa nusu, 3 kwa mati. Kijivu cha F-16, 36118 au 36270 au 36375, kinaanza na 3 kwa sababu ndege iliyokamilika ni mati. Haikulazimishi kuipaka modeli rangi ya mati toka mwanzo. Paka ya nusu mng'ao ukipenda, bandika stika, kisha vanishi ya mati ikupe hiyo 3.

Chembechembe zako zimetoka wapi? Karibu hakika zimetoka hewani. Rangi imekauka nusu kabla ya kufika kwenye plastiki. Ama ulisimama mbali mno, ama msukumo wa kompresa ulikuwa mkubwa, ama thina ilikuwa kidogo. Kwa kazi ya 1/48 ninakaa kwenye msukumo wa kati ya psi 15 na 20, ncha ya brashi sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye bawa, na rangi ya Tamiya naichanganya na thina yake kwa kiasi sawa au thina zaidi kidogo. Rangi ikitua lazima uione imelowa kwa sekunde moja au mbili kabla haijatulia. Ikitua kavu, umepuliza vumbi.

Kwa ndege iliyo mbele yako, una bahati moja kubwa: hujapaka vanishi. Chukua sindano mpya, toboa vijishimo vidogo katika sehemu zenye fedha, na ukate stika kwa ncha ya kisu juu ya kila mstari wa bati. Weka dawa ya kulainisha stika, Micro Sol kwa mfano, tone moja kwa brashi laini, uiache inyonywe yenyewe kupitia vitundu. Stika itakunjamana kama ngozi ya mzee. Usiiguse. Itanyooka ikikauka. Rudia kesho, na kesho kutwa ikibidi. Vipande vidogo vingi vitapona hivyo. Mistari mirefu, sikufichi, huenda isipone, kwa sababu hewa imetanda kwenye urefu wote. Hiyo ing'oe kwa mkanda wa kufunikia rangi, msasa wa maji wa namba 4000 upite kwa mkono mwepesi, tabaka mbili au tatu nyembamba za vanishi ya kung'aa, halafu subiri. Kukauka kwa kugusa ni jambo la dakika. Kukauka kwa kweli ni siku nzima au zaidi kwa akriliki na laka, na siku kadhaa kwa enameli. Ukiinusa modeli ukasikia harufu, bado.

Kabla ya kubandika tena, iweke chini ya taa na utazame sura ya taa kwenye bawa. Kingo za balbu zikionekana kali, endelea. Zikiwa na ukungu au zikipinda kama maji yenye mawimbi, rudi kwenye msasa. Hakuna chupa inayochukua nafasi ya jaribio hili.

Kuhusu siki, najua ilikotoka. Micro Set, ile dawa inayopakwa kabla ya stika, inanuka siki, na watu wakahitimisha kwamba siki ndiyo dawa. Micro Set inasaidia maji kutambaa na stika kushika. Kazi ya kulainisha utando mpaka uingie kwenye mifereji ni ya Micro Sol, na hiyo ni kemikali nyingine. Siki ya jikoni haitaiua modeli yako, ila haitakutoa hapo ulipo. Mashine ya nywele ni hatari zaidi. Polistireni inaanza kulegea karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na kingo nyembamba za mabawa na mlingoti wa antena vinalegea kabla ya mwili mnene wa ndege. Nimeshaletewa mabawa yaliyopinda ambayo mwenyewe alikuwa anajaribu kuokoa stika moja. Wapo pia wanaoshauri thina ya laka juu ya stika sugu. Thina hiyo inayeyusha wino, inayeyusha rangi iliyo chini, na ikibaki muda inaanza kuila plastiki.

Siwapingi watu kwa sababu wanatumia vitu vya nyumbani. Nta ya akriliki ya kung'arishia sakafu imewapa wajenzi vanishi nzuri kwa miaka mingi, na dawa ya kupulizia nywele ina kazi yake halali chini ya rangi, pale unapotaka ibanduke kuonyesha uchakavu. Vitu hivyo vilidumu kwa kuwa watu walijua vinafanya nini. Ninachokipinga ni mapishi yanayopita mkono kwa mkono bila mtu kuuliza kilichomo. Nta hiyohiyo ya sakafu inayeyushwa na amonia, na amonia imo kwenye sabuni nyingi za vioo, ambazo watu wanashauriana kusafishia modeli. Neno akriliki kwenye chupa nalo linadanganya wengi: rangi ya Tamiya inakubali alkoholi, Vallejo ni ya maji na ukiitia alkoholi inaganda vipandevipande ndani ya brashi ya hewa. Laka ukiipuliza juu ya enameli ambayo haijakomaa, enameli inakunjamana. Jaribu kila tabaka, kwa mpangilio uleule, juu ya bawa la modeli ya zamani, usiku mmoja kabla hujaigusa ile unayoipenda.

Na kuna mapishi ambayo hayaishii kwenye kuharibu modeli. Watu wanalowesha vipande vyenye kromu kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, ile ya klorini, ili kromu itoke, na inatoka kweli. Halafu, kwenye meza hiyohiyo, wanasafisha brashi ya hewa kwa sabuni ya vioo yenye amonia. Vimiminika hivyo viwili vikikutana kwenye kopo moja la taka vinatoa gesi ya kloramini, inayochoma macho na mapafu. Visiwekwe kwenye chumba kimoja, na makopo yake yaandikwe majina. Usipulize laka ukiwa umevaa barakoa ya kitambaa au ya vumbi. Hizo huenda zikazuia sehemu ya chembe za rangi tu. Mvuke wa thina unapita kana kwamba hakuna kitu. Tumia barakoa yenye vichungi vya mvuke wa kemikali, inayobana usoni bila ndevu kuizuia, na feni inayotoa hewa nje ambayo mota yake haikai katikati ya mvuke, kwa kuwa cheche moja inatosha. Ukianza kusikia harufu ya thina ukiwa umeivaa, kichungi kimekwisha au barakoa haijabana: zima kompresa, toka nje, ubadilishe kabla ya kuendelea.