Kwa wewe unayeanza uhakiki

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliongoza mjadala wa riwaya moja inayopendwa mno. Nikasema wanawake mle wamesawiriwa kwa dharau, kisha nikaongeza: "Sijui mtu mwenye akili zake anaipendaje." Dada mmoja aliyekaa mbele yangu akafunga nakala yake, jalada limechakaa, kona zimekunjika, na hakufungua kinywa tena. Siku chache baadaye aliniazima nakala ileile. Kwenye ukurasa niliokuwa nikiukandia nilikuta alama ya kuuliza ya penseli, imeshafifia. Kasoro ile aliiona miaka mingi kabla yangu.

Basi unapokosoa kitabu mbele ya wanaokipenda, anza kwa kuuliza. Mpenzi wa kitabu amekirudia mara nyingi kukupita, na "sura ile ya harusi uliisomaje?" humfanya atoe hata yale yanayomkera.

Kisha taja mahali. Ukisema "kitabu kibovu", atakachotetea ni nafsi yake. Ukisema "sura tatu mfululizo mama huyu hatamki hata sentensi moja", hilo linahesabika. Mtafungua kurasa pamoja, na macho yatatoka kwenye nyuso zenu yaende kwenye maandishi.

Usidhani kuchunga ulimi ni kuikana hoja. Mwaka 1975 Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, akamshutumu mwandishi Joseph Conrad kwa ubaguzi wa rangi katika Heart of Darkness, riwaya yake kuhusu Afrika iliyokuwa ikisifiwa vyuoni kama kazi bora. Humo humo alikiri kwamba Conrad ni bingwa wa mtindo na msimulizi mzuri. Alipouchapisha upya miaka ya baadaye, aliondoa neno moja lililokaribia tusi, shutuma akaiacha palepale. Kwangu mimi toleo hilo la pili ndilo linalouma zaidi: msomaji hana tena neno la kulalamikia ili aikwepe hoja.

Sifa nayo iwe ya kweli. Mashabiki huitambua upesi sifa iliyowekwa kulainisha njia ya lawama. Kama hukuona cha kusifu, waulize wao waliona nini.

Wapo watakaoumia hata hivyo, hasa aliyeshikamana na kitabu wakati wa msiba. Huyo mimi humsikiliza mpaka amalize, ndipo narudi kwenye ukurasa.

Yule dada, nilipomrudishia nakala, nilimwomba anieleze ile alama ya penseli. Tulikaa saa nzima.