Josephus na ndama wa dhahabu: nakala yako haijakatwa

Ndugu, umeuliza kama tafsiri yako ya Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, imepunguzwa, maana Musa anashuka Sinai na sanamu ya ndama ambayo Waisraeli waliiabudu haonekani. Haijapunguzwa. Josephus mwenyewe aliiacha habari hiyo, ingawa katika dibaji aliahidi kutoongeza wala kupunguza.

Kazi hiyo, Mambo ya Kale ya Wayahudi, vitabu 20 kwa Kigiriki, aliimaliza Roma mwaka 93 au 94 BK. Vita vya Wayahudi na Warumi vilikuwa vimeacha chuki, na waandishi wa Misri walishadai kwamba mababu wa Wayahudi walikuwa wakoma waliofukuzwa. Huenda ndiyo maana aliepuka habari ambazo maadui wangezitumia kuwadharau Wayahudi. Sasa fungua Kutoka 4:6: mkono wa Musa una ukoma, mweupe kama theluji. Kwa Josephus, kitabu cha 2, ni mweupe kama chokaa tu, na neno ukoma halipo! Hapo ndipo unapoona kalamu yake ikifanya kazi.

Kwa hiyo soma Biblia upande mmoja, yeye upande wa pili, uweke alama alichoacha, alichoongeza na hotuba alizotunga. Anza na kitabu cha 2: Musa jemadari anayepigana na Wakushi na kumwoa Tharbis, binti mfalme, kisha Bahari ya Shamu, anapokumbusha bahari ya Pamfilia (kusini mwa Uturuki ya leo) iliyompisha Aleksanda Mkuu, mfalme wa Makedonia, na kumwachia kila msomaji aamue.

Ila usimtumie kama shahidi wa pili wa maisha ya Musa. Aliandika zaidi ya miaka 1,000 baadaye.