Tairi mpya mbele, vipara nyuma: yaliyonikuta Mikese

Mkuu, umesema tairi zote 4 zimeisha kashata (yale meno ya mpira yanayokanyaga lami), hela inatosha mbili tu, kwa hiyo unataka mpya uzifunge mbele, vipara vibaki nyuma, halafu wiki ijayo uende Mbeya na familia. Nakuomba sana usifanye hivyo.

Mimi nilifanya vilevile. Gari langu ni Toyota IST, linavutwa na tairi za mbele, na usukani uko mbele, nikaona mpya mahali pake ni hapo. Wiki tatu hapa Dar sikuona tofauti. Kwenye lami kavu kipara kinashika vizuri tu, ndiyo maana tunajiaminisha.

Aprili tukaenda Morogoro, mimi, mama watoto na mwanetu wa miaka 4. Karibu na Mikese mvua kubwa, maji yametuama barabarani. Nilikuwa kwenye 80 hivi, nikaachia mafuta nikiingia kona. Mbele palitulia kabisa. Nyuma ndiko kulikoondoka. Nazungusha usukani, wapi! Gari likageuka likatazama tulikotoka, likaenda kusimama kwenye majani ya upande wa pili. Haikupita dakika, lori likapita palepale tulipokatiza. Mke wangu hakutoa neno hadi Msamvu, pale Morogoro mjini.

Ile mifereji ya kashata kazi yake ni kutoa maji chini ya tairi. Ikiisha, maji yanainyanyua tairi na gari linaelea. Zikielea za mbele, gari linanyooka, ukipunguza mwendo unaweza kulirudisha. Zikielea za nyuma unazunguka, na usukani hauna msaada. Kwa hiyo mwenye tairi nzuri mbili azifunge nyuma, hata kama gari linavutwa mbele.

Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya milimita 1.6. Kashata ikilingana navyo, tairi imekwisha, fundi aseme asemavyo. Na kama utachukua mtumba, soma tarakimu 4 za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni mwa tairi inayoonyesha ilitengenezwa lini: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira mkongwe wenye nyufa ubavuni uache hapohapo dukani, hata kashata ziwe ndefu.

Kama hela ni ya mbili tu, safari hii pandeni basi. Ukipata mtumba wa kujazia, piga picha kashata na hiyo namba, weka hapa nizione kabla hujalipa.